Maneno Niliyotamka Nikiwa Sipo

Sifa ni zako, Mungu wa baba zetu, uliyekiumba kichwa cha mwanadamu na kukijaza mambo ambayo mwenye kichwa hayajui. Ulinipa akili bila mimi kuiomba. Ukaacha iniondoke kwa kitambo, ukairudisha, na siku iliporudi ilinikuta bado nina mke, nina nyumba, nina pumzi. Nakushukuru kwa yote matatu. Ninayoyaandika hapa ni kwa ajili ya mtu aliyeambiwa ana presha akatabasamu, kama nilivyotabasamu mimi.

Mimi ni mwinjilisti mstaafu. Nimehudumia mtaa mmoja wa kanisa huku Masieda, wilaya ya Mbulu, kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, nikilima mahindi na maharage kama jirani zangu na kufuga ng'ombe wachache. Mambo haya yalitokea wakati mkoa wetu wa Manyara ulikuwa bado mchanga. Mtu akiambiwa jambo lake ni la mkoa aende Babati, alisimama kwanza akiwaza, maana miguu ilikuwa imezoea Arusha. Simu za mkononi zilikuwa zimeanza kutufikia, lakini ilibidi upande hadi kwenye jabali lililo juu ya shule ndipo usikike.

Presha yangu iligunduliwa kwa sababu ya goti la mtu mwingine. Nilikuwa nimemsindikiza mke wangu, Mama Elia, zahanati kutibiwa goti. Muuguzi alipomaliza naye akanigeukia.

"Na wewe Mwinjilisti, kaa hapa nikupime. Usije ukasema nimewabagua wanaume."

Nilikaa nikicheka. Akanifunga kile kitambaa mkononi, akakijaza upepo, akasikiliza, akakilegeza. Akarudia. Akahamia mkono wa pili. Yeye alikuwa ameacha kucheka.

"Umekuja kwa miguu, baba?"

"Kwa miguu, na huyu mama nimemshika mkono mlima mzima."

"Kichwa hakiumi?"

"Kinauma kila asubuhi. Si ndiyo uzee?"

"Uzee hauumizi kichwa kila asubuhi," alisema, na akaniandikia vidonge. Akanieleza kwamba nitavimeza maisha yangu yote, nikijisikia vibaya na nikijisikia vizuri. Akaniambia pia nipunguze chumvi, na magadi tunayotia kwenye makande. Mke wangu alisikia yote. Mimi nilisikia sehemu tu.

Nilimeza vidonge tangu wakati wa palizi mpaka mavuno. Kichwa kikatulia. Asubuhi nikawa naamka kama kijana, nafungua zizi kabla ya mtu yeyote. Moyo wangu ulijaa shukrani, na hapo ndipo nilipokosea.

Kwetu Jumapili ya mavuno watu huleta mazao mbele ya kanisa, na mwenye neno la shukrani husimama akashuhudia. Siku hiyo nilisimama. Nikawaambia ndugu zangu kwamba nilikuwa na ugonjwa wa presha na Bwana ameniponya. Sikusema amenisaidia, au dawa zimenisaidia. Nilisema ameniponya. Wanawake wakapiga vigelegele, kwaya ikaimba, mzee mmoja akaleta jogoo akaniwekea miguuni. Mchungaji, ambaye siku hiyo alikuwa ametutembelea kutoka usharikani, alinishika mkono hadharani.

Jioni Mama Elia alinipa kidonge na maji kama kawaida. Nilikiangalia kile kidonge kwa muda. Nikamuuliza, "Nitamezaje dawa ya ugonjwa ambao nimesema mbele ya watu kwamba Mungu ameuondoa?"

"Baba Elia, muuguzi alisema maisha yote."

"Muuguzi hakuwepo kanisani."

Wasomaji wa kwetu watanielewa. Ushuhuda uliotolewa madhabahuni haurudishwi kama jembe la kuazima. Kumeza kidonge kile kungekuwa kumwita Mungu mwongo, au kujiita mimi mwongo, na sikujua lipi lilikuwa baya zaidi. Nikakiacha pale mezani. Kesho yake pia. Sikujisikia vibaya, na nikaona huo ndio uthibitisho.

Baridi ya mwezi wa saba ilipoingia, nilianza kubadilika. Nasema hivi leo. Wakati ule niliona wengine ndio wamebadilika. Niliona majirani wakizungumza, nikifika wananyamaza. Niliona mke wangu anaweka vitu mahali pengine makusudi ili nionekane nimesahau. Siku moja nilifungua Biblia kwenye ibada nikaona herufi zinahamahama kama siafu. Nikaifunga, nikahubiri kwa kukumbuka, na hakuna aliyejua. Nilikasirikia mtu aliyekohoa. Nilikasirikia upepo wa baridi, nikausemea maneno, mimi ambaye nimefundisha watoto wa watu uvumilivu.

Kisha ukaja msiba wa jirani yetu wa chini, mtu mwema tuliyelima naye ujana wetu wote. Mimi ndiye niliyeongoza maziko. Jeneza lilipokuwa linashushwa, mjane na watoto wakilia, mimi nilicheka. Halikuwa tabasamu. Nilicheka kwa sauti, mabega yakitikisika, huku machozi yananitoka, na ndani yangu hakukuwa na jambo lolote la kuchekesha. Nilijisikia nacheka kama mtu anavyosikia redio ya nyumba ya pili. Mzee wa kanisa aliyekuwa karibu akanishika kiwiko.

"Mwinjilisti, una nini?"

Waliniondoa pale wakanikalisha kwenye jiwe. Hadi leo nikipita njia ile natazama chini.

Mama Elia aliona kwamba hawezi peke yake. Akapanda kwenye jabali akampigia simu binti yetu wa mwisho, Anjela, aliyeolewa Katesh. Anjela alikuwa na mimba ya kwanza, baada ya kusubiri muda mrefu, na bado akapanda gari akaja. Nakumbuka alivyoingia uani na kanga yake, akapiga magoti kidogo akasema, "Shikamoo baba." Nakumbuka nilimwitikia marahaba, na nikafurahi.

Mama na mwana wakafanya shauri. Vidonge vilikuwepo, na mzee havimezi kwa sababu ya ushuhuda wake. Basi Anjela akawa anavisaga kwa kijiko na kuvikoroga kwenye maziwa yangu ya jioni. Waliona si vibaya, maana hata mtoto anayekataa dawa hupewa hivyo hivyo. Nadhani kwa siku chache vilinisaidia. Lakini siku moja havikukorogeka vizuri. Nikamaliza maziwa, nikaona chini ya kikombe cha bati kuna unga mweupe umeganda.

Huo unga ndio kitu cha mwisho ninachokikumbuka. Baada yake hakuna kitu. Si giza, hata giza mtu hulikumbuka.

*

Niliporudi nilikuwa kitandani hospitali. Sikujua hivyo kwanza. Niliona weupe tu, kama mtu anayetazama kupitia shuka, na ulimi wangu ulijaa mdomo mzima kwa sababu nilikuwa nimeuuma. Kulikuwa na dripu mkononi na mpira wa mkojo. Nilitaka kumwita mke wangu, likatoka jina la dada yangu aliyekwisha kufa. Mkono ukaja ukanifuta mdomo, nikaujua kwa ugumu wake wa jembe.

"Nipo," alisema Mama Elia. "Tulia."

Niliambiwa nilianguka zizini, nikatetemeka mwili mzima kama mwenye kifafa, tena na tena, na kwamba nililetwa nyuma ya gari la kubebea mahindi, nimelazwa juu ya magunia matupu, mke wangu ameshika kichwa changu njia nzima. Macho yalirudi kidogo kidogo. Miguu ilichelewa zaidi. Mimi niliyepanda milima ya Mbulu maisha yangu yote nilijifunza tena kwenda hadi dirishani, nikishika vitanda vya wenzangu na kuwasalimia wote njiani ili wasione kwamba nawashika kwa kuogopa kuanguka. Mke wangu aliniosha kama mtoto. Siku ya kwanza nililia kwa aibu. Siku ya pili akaniambia, "Nimeosha watoto wako wote na hawakulia hivi," na nikacheka, na nikashtuka nilipocheka, nikauangalia uso wake kuona kama ni kicheko cha kweli au kile kingine. Kilikuwa cha kweli.

Daktari alikuwa kijana mpole. Aliniamkia kabla ya kunigusa, akavuta kigoda.

"Mzee, presha ikikaa juu haiumizi moyo tu. Inafika kwenye ubongo. Mishipa midogo inachakaa, ubongo unavimba, unakuwa kama kidonda ambacho hakuna anayekiona. Mtu anaanza kuwa mkali. Anashuku watu. Analia au anacheka bila sababu. Nyumbani wanasema amebadilika tabia, au amerogwa. Kumbe anaumwa."

"Aliyecheka makaburini alikuwa nani, daktari? Mimi au ugonjwa?"

Alifikiri. Namheshimu kwa sababu alifikiri. "Ni wewe, mzee. Lakini ni wewe ukiwa mgonjwa."

Kitanda cha pili alikuwepo mzee wa Kibarbaigi kutoka tambarare za Hanang, shuka lake jeusi limekunjwa vizuri chini ya mto. Kila asubuhi muuguzi alipokuja na kipimo alificha mkono.

"Hicho kitambaa kinanyonga. Mkono wangu umeiba ng'ombe wa nani?"

"Babu, napima tu."

"Mpime huyo Mbulu kwanza. Akipona, nami nitanyoosha."

Nilikuwa nanyoosha mkono wangu kwanza, naye ananitazama kama anayetazama mtu anavuka mto. Mungu hutuma rafiki kwa njia nyingi.

Ndugu walikuja kunitazama. Elia, mtoto wetu wa kwanza, alikuja kutoka Babati na machungwa. Siku zikapita. Nikamuuliza mke wangu, "Anjela mbona haji?"

"Amerudi Katesh kwa mume wake."

"Anajua nimelazwa?"

"Anajua."

"Basi mbona haji?"

Alikunja shuka langu ambalo lilikuwa limeshakunjwa. Akasema pole pole, akitazama mlangoni, "Ulimtamkia."

Kwa mtu wa mbali neno hili linahitaji maelezo. Kwetu, mzazi aliyekosewa sana anaweza kumtamkia mtoto wake maneno ya laana. Hutokea mara chache sana, na hakuna anayelichukulia kama hasira ya kawaida. Familia hukaa mbali na aliyetamkiwa mpaka jambo lirekebishwe. Mimi mwenyewe nimehubiri mara nyingi kwamba mtu aliye ndani ya Kristo haogopi maneno hayo. Nilihubiri nikiwa sijayasema.

"Nilimtamkia Anjela?"

"Mbele ya watu. Uani. Ulikuwa umeshika kile kikombe."

"Nilisema nini?"

Mama Elia alitikisa kichwa. Nikamwomba, nikamsihi, nikamwamuru, nikamwomba tena. Alikataa. Maneno kama yale, anayeyarudia huyapa nguvu. Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Mzee wa Kibarbaigi, ambaye nilidhani amelala, alifungua jicho moja.

"Ninyi Wambulu," alisema, "mnatunza maneno kama watu wengine wanavyotunza mbegu. Kwetu mtu akisema na homa, tunamwaga maji, tunasahau."

"Na aliyetamkiwa? Anasahau?"

Alifunga jicho.

*

Nilirudi nyumbani watu wakitayarisha mashamba. Nilimeza vidonge asubuhi na jioni, na nikarudi kliniki kila nilipoambiwa, nikikaa kwenye benchi refu na kadi yangu mkononi. Kwenye benchi lile nilijifunza kwamba nusu ya watu wa umri wangu wana ugonjwa huu, na kwamba wengi huja wakishaanguka. Presha ilishuka. Kichwa kikatulia. Hasira ikaniondoka kama mgeni asiyeaga. Niliamka asubuhi moja nikaona haipo.

Lakini nyumba haikupona pamoja nami. Asubuhi moja nilinyoosha mkono kuchukua kofia iliyotundikwa ukutani, nyuma ya mke wangu. Mama Elia akainama haraka, akakinga uso.

Nilibaki na mkono hewani.

"Nilikupiga?"

"Kunywa chai, inapoa," alisema.

Nilikunywa. Sijawahi kunywa kitu kichungu kama chai ile yenye sukari. Tuna watoto, tuna wajukuu, na sikuwahi kuinua mkono juu ya mwanamke huyu, na sasa mwili wake ulikuwa unanijua kwa namna ambayo mimi mwenyewe sikujijua. Tangu siku ile kila ninapochukua kitu karibu naye nasema kwanza, "Nachukua kofia." "Nachukua taa." Ananicheka, lakini sijaacha.

Habari za Anjela zilikuja kupitia kwa mume wake, Yohana, mfanyabiashara wa maharage kwenye soko la Katesh, kijana mtaratibu. Alimpigia Elia, Elia akamtuma mtu. Anjela hali chakula vizuri. Usiku halali. Siku zake zinakaribia, na kila mara anashika tumbo akisema limekaza. Mama mkwe wake amesema asijifungulie kwao mpaka neno liondolewe, maana si mtoto wa Anjela peke yake.

Nilikwenda kwa Mchungaji. Aliniambia, "Mwinjilisti, Kristo amebatilisha laana zote. Mwombee." Nilimwamini, na nikaomba. Nikaenda kwa Mzee Bura, jirani yangu, mtu wa mila aliyebatizwa uzeeni. Aliniambia, "Mdomo uliofunga ndio unaofungua. Lakini lazima useme ulichofunga. Huwezi kufungua mlango usioujua."

"Wewe ulikuwepo uani?"

"Nilikuwepo."

"Niambie basi."

"Mimi?" Alisogea nyuma na kigoda chake. "Sina wajukuu wa kuchezea."

Hivyo nilikuwa na neno lililokuwa linamla mtoto wangu, limetoka kinywani mwangu, kijiji kizima kinalijua, isipokuwa mimi.

Nikamwambia Mama Elia tunakwenda Katesh. Alisema miguu yangu bado. Nikamwambia miguu itakaa kwenye gari. Tuliondoka na lori la watu wa mnada, tukiwa tumekaa mbele na dereva kwa heshima ya mvi zangu, ng'ombe wakigonga pembe nyuma yetu. Mke wangu alishika mfuko wa dawa mapajani. Ulipofika wakati wa kidonge alinipa bila kusema, nikameza kwa maji ya chupa, na dereva akauliza, "Presha, mzee?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Mama yangu pia. Anasema ameacha, anakunywa majani." Nikamwambia, "Mwambie kuna mzee alicheka makaburini." Alinitazama akaona simtanii.

Mlima Hanang ulikuwa umevaa wingu siku tuliyofika. Mama Yohana, mama mkwe wa Anjela, alitupokea mlangoni lakini hakutoka mlangoni. Ni mwanamke mkubwa wa mwili, mwenye heshima zake.

"Karibuni," alisema. "Lakini Mwinjilisti, nisamehe. Umekuja kama baba au umekuja kama ile siku?"

"Nimekuja kama mgonjwa anayetibiwa," nilisema. "Na kama baba."

"Basi tutakaa nje, watu waone."

Tulikaa uani, kwenye viti vya mbao. Walikuja majirani wachache, wazee wawili wa upande wa Yohana, na mama mmoja wa jumuiya yao. Anjela alitoka ndani amejishika mgongo. Uso ulikuwa umekonda, tumbo tu ndilo lililonenepa. Alisimama mbali. "Shikamoo baba," alisema, na sauti yake ilikuwa ya mtoto aliyevunja chungu.

Nilimwitikia marahaba. Nilisema, "Mwanangu, niliugua ubongo. Daktari amenieleza, na nimeona mwenyewe. Siku ile sikuwepo. Nimekuja kuondoa nilichosema, lakini sikijui. Nimemwomba mama yako, amekataa. Nimemwomba Mzee Bura, amekimbia na kigoda."

Mtu mmoja alicheka kidogo, akajizuia.

"Anayeweza kuniambia ni wewe."

Mama Yohana akasema, "Asiseme! Ana mimba!"

"Nayasikia kila siku, mama," Anjela alisema. "Kuyasema mara moja hakutanizidishia." Akasogea mpaka mbele yangu. Akanitazama machoni, na akayasema bila kulia, kama mtu anayesoma tangazo.

"Ulisema, 'Umenitilia sumu kwenye maziwa. Tumbo hilo lijifunge lisifunguke. Na likifunguka, maziwa yako yawe sumu kwa mtoto wako kama ulivyonipa sumu mimi.'"

Nawaambia ninyi mnaosoma: nimeshuhudia vifo, njaa, na moto ulioteketeza nyumba na watu ndani. Sijawahi kushtuka kama nilivyoshtuka pale. Nilidhani nitakuta neno la hasira, la mzee aliyechanganyikiwa, neno lisilo na kichwa. Maneno yale yalikuwa yamepangwa. Yalikuwa na mizani ya mahubiri yangu. Niliitambua sauti yangu mwenyewe ndani yake. Ugonjwa haukuleta mtu mwingine nyumbani kwangu. Ulichukua kipaji nilichopewa kubariki watu, ukakigeuzia mtoto wangu.

Kichwa kilizunguka. Mama Elia alinishika bega. Nilikaa mpaka kikatulia, kisha nikasimama. Nikaomba maji. Yohana akaleta kwenye bakuli. Nilichukua maji kinywani nikayapuliza mbele ya miguu ya mwanangu kama wazee wetu walivyofanya, nikaweka mkono wangu juu ya kichwa chake kama nilivyofundishwa na kanisa, na sikuona vitu hivyo vikigombana.

Nikasema: "Nililifunga tumbo lako. Kwa jina la Yesu ninalifungua. Niliyaita maziwa yako sumu. Ninayaita chakula, ninayaita uzima. Ulinipa dawa nikaiita sumu. Wewe ulikuwa unanitibu, mwanangu. Nisamehe." Wale wazee wakaitikia amina, na wote uani wakaitikia nyuma yao.

Nilidhani imekwisha. Mama Yohana alikuwa ameshafuta macho na kuanza kutafuta sufuria. Lakini Anjela hakuondoka. Alikuwa anafikiri.

"Baba, ukiugua tena?"

"Namwomba Mungu nisiugue."

"Lakini ukiugua. Ukisahau dawa. Ukanitamkia tena, au ukamtamkia mtoto. Nitakuwa nakuangalia mdomo maisha yangu yote?"

Lilikuwa swali la haki, na hakuna mzee katika uani ule aliyewahi kuulizwa. Mali ya mzee wa kwetu si ng'ombe. Ng'ombe hufa. Mali yake ni kwamba akisema, limesemwa. Baba yangu alikufa hana kitu ila mdomo, na watu walikuja kutoka mbali kuomba baraka yake.

Nikamgeukia kila mtu aliyekuwepo. Nikasema kwa sauti ambayo wote waisikie: "Sikieni, na muwaambie wa Masieda. Mimi baba yake Anjela, nikiwa na akili zangu, natoa neno hili kuyatangulia yote. Siku nitakayoacha dawa, siku presha yangu itakapopanda, siku Mama Elia atakaposema 'huyu anaumwa', mdomo wangu si wa baba tena. Nitakachosema siku hiyo hakifungi mtu. Kibaya kisishike. Na anayeamua kwamba naumwa si mimi. Ni huyu mama."

Mzee mmoja wa upande wa Yohana alisema taratibu, "Mwinjilisti, unatoa kitu kikubwa."

"Ndiyo."

"Na akikuonea? Ukiwa mzima ukimkataza jambo, akisema unaumwa?"

Mama Elia, ambaye hakuwa amesema neno tangu tufike, akajibu: "Nitampima kwanza."

Watu walicheka mpaka kuku wakakimbia. Nami nilicheka, na Anjela akacheka akishika tumbo, kisha akaacha kucheka, akashika tumbo kwa namna nyingine, na Mama Yohana akaliona hilo kabla yetu wote.

Sikuruhusiwa kuingia wodi ya wazazi. Nilikaa kwenye benchi la nje tangu jua la mchana mpaka jua lilipoegemea mlimani, na ninaungama kwamba, pamoja na imani yangu yote, kila mlango ulipofunguliwa nilisikia maneno yale. Mkunga alipotoka hakuniita Mwinjilisti. Alisema, "Babu, mjukuu wako ni msichana, na ananyonya."

Niliposikia neno la mwisho niliinamisha kichwa magotini, na nilikaa hivyo.

Tuliporudi Masieda niliomba nafasi kanisani. Nikasimama palepale nilipotoa ushuhuda wangu wa mavuno, nikasema niliwaambia nusu. Mungu aliniponya kwa mkono wa muuguzi na kwa kidonge, nami nikamsifu na kuutupa mkono wake. Nikatoa kidonge mfukoni, nikakimeza mbele yao, na kilinikwama kooni kwa sababu nilisahau maji. Baada ya ibada bibi mmoja, ambaye huwa wa kwanza kushuhudia, alinivuta pembeni ya ukuta.

"Mwinjilisti, mimi navificha kwenye ghala, chini ya mahindi. Bado vipo. Vitakuwa vimeharibika?"

Nilimpeleka zahanati kesho yake.

Wewe unayesoma haya, uliye kwenye benchi na kadi mkononi, au uliye nyumbani na mtu aliyebadilika hata humjui: Bwana akulinde kichwa na moyo. Akupe watu watakaokuambia ukweli ukiwa hujisikii mgonjwa, na akupe sikio la kuwasikia. Dawa yako ikubalike mwilini mwako, usingizi wako uwe mtamu, na kila neno litakalotoka kinywani mwako liwapate wapendwa wako kama maji. Nabariki nyumba yako nikiwa na akili zangu timamu, na Mama Elia amenipima asubuhi hii. Amina.